Maji na moto katika nyumba kongwe za Kisangani: kazi ianzie wapi?

Mwenye nyumba ya zamani pale Makiso, katikati ya Kisangani, akitaka kuifufua, kwanza humwita fundi bomba na kumwuliza bei ya mabomba mapya. Fundi huzunguka vyumba, hupima kuta, huorodhesha mabomba, robine, sinki na hita, kisha hutaja jumla. Miezi michache baadaye mabomba ni mapya, robine zinang'aa, na maji hayatoki. Swali la bei lilikuwa halali, ila liliulizwa mapema mno.

Nyumba hizo zilijengwa ziwe ncha ya mtambo mkubwa wa mji: mto, bwawa, pampu, mabomba makuu na msukumo usiokatika mchana wala usiku. Mtambo huo leo umechoka na umezidiwa. Anayekarabati nyumba ya 1955 kana kwamba mji wa 1955 bado upo, anazika pesa ukutani. Kazi inapaswa kuanzia pale maji yanapopatikana na pale yanapokwenda baada ya kutumika. Mabomba na hita vifuate. Kanuni hii inamhusu mwenye jumba la Makiso, na inamhusu vilevile mkazi wa Wagenia, kwenye maporomoko ya mto Congo, ambaye nyumba yake haijawahi kuingia bomba hata moja.

Mji uliozijengea nyumba hizi

Stanleyville, jina la Kisangani hadi 1966, ilipanuka haraka baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikuwa na mpango wake wa miaka kumi, 1949 hadi 1959, na mwaka 1952 iliunda shirika la OCA la kujenga mitaa ya Waafrika katika miji mikubwa, Stanleyville ikiwemo. Shirika la maji, REGIDESO, lilikuwa limeanzishwa mwaka 1939. Mwaka 1955 mtambo wa umeme wa mto Tshopo ulianza kazi, ndani ya mji wenyewe, na umeme wake ulitosha mahitaji ya siku zile. Ndiyo maana nyumba nyingi za enzi hiyo zina bafu lenye hita ya umeme, nafasi ya jiko la umeme, choo cha kuvuta maji na shimo la septiki uani.

Si kila mtu alipata hayo. Mabomba yalifuata mgawanyo wa rangi: yaliingia ndani kwa Wazungu, na katika mitaa ya Waafrika mara nyingi yaliishia kwenye robine ya pamoja barabarani. Vijiji vya wavuvi kandokando ya maporomoko vilibaki na mto wao.

Baada ya uhuru yakaja mapigo. Uasi wa Simba mwaka 1964, maasi ya mamluki mwaka 1967, kutaifishwa kwa biashara za wageni mwaka 1973, kisha uporaji na vita vya miaka ya 1990. Pigo lililoingia moja kwa moja ndani ya nyumba lilikuwa vita vya siku sita, 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana kwa mizinga katikati ya wakazi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo ilitaja raia zaidi ya 760 waliouawa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa au kubomolewa. Umeme ulikatika, na maji pamoja nao.

Kukatika kwa pamoja huko si bahati mbaya. REGIDESO huchota maji ya mji kutoka mto Tshopo, na pampu zake hutegemea umeme wa mto huohuo. Mashine za mtambo, ambazo zote pamoja hazifikishi megawati 20, zikisimama, taa huzimika na baada ya muda mfupi robine nazo hukauka. Wakati huohuo, mji ambao wakati wa uhuru haukufikisha watu laki mbili sasa unatajwa kuwa na zaidi ya milioni moja. Nyumba haikubadilika, kilichobadilika ni kila kitu kilichokuwa nyuma ya robine yake.

Bomba lililozoea kukauka

Maji ya zamu yana madhara zaidi ya usumbufu wa kuyangoja. Bomba lililojaa muda wote husukuma maji nje kupitia tundu lolote. Hasara ni maji yanayovuja. Msukumo ukikatika, mambo hugeuka. Maji yaliyo ndani huteremka kuelekea mitaa ya chini na kuacha mvuto nyuma yake, na kupitia matundu yaleyale bomba hunyonya kilichopo nje: maji ya mtaro, ya shimo la choo la jirani, ya dimbwi la mvua. Umeme unaporudi, uchafu huo husafiri hadi jikoni. Kwa hiyo maji yaliyotoka mtamboni yakiwa safi yanaweza kuingia nyumbani yakiwa na vijidudu, hasa katika dakika za mwanzo. Serikali ya Congo ilipotangaza mlipuko wa kipindupindu Mei 2025, jimbo la Tshopo, lenye Kisangani, lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotajwa. Katika jimbo kama hilo, tundu dogo la bomba chini ya ardhi ni jambo la afya ya mtaa mzima.

Chuma nacho huumia. Mabomba ya miaka ya 1950 ni ya chuma kilichopakwa zinki, na umri wake wa kawaida ni miaka 40 hadi 50. Maji ya mito ya msitu, yenye rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, kwa kawaida yana tindikali kidogo na madini machache. Maji ya aina hiyo hula zinki. Bomba likijaa na kukauka kila siku, hewa na unyevu hupokezana kulila. Ukikata kipande cha bomba la nusu inchi lililokaa ukutani tangu wakati wa Stanleyville, unaweza kukuta ndani vinundu vya kutu vimesongamana hadi njia iliyobaki haipitishi penseli. Nje limepakwa rangi na linaonekana zima.

Kabla ya kununua chochote, basi, yapo majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza: siku maji yanapokuja, jaza ndoo ya lita 20 kwenye robine iliyo karibu na mita, kisha jaza ndoo hiyohiyo jikoni, ukitazama saa. Mita ikijaza upesi na jikoni ikachelewa sana, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Zote mbili zikichelewa, ugonjwa uko barabarani, na mabomba mapya hayatautibu. La pili: funga robine zote usiku, soma mita, na isome tena asubuhi baada ya maji kuwa yamekuja. Namba ikisogea bila mtu kutumia maji, kuna mahali panavuja.

Wagenia: maji tele, bomba hakuna

Ukisimama Wagenia, kwenye poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, huwezi kusema Kisangani ina uhaba wa maji. Mto Congo unapita kwa kishindo kati ya miamba, na juu yake wavuvi wa Kienya wamesimamisha miti mikubwa na kuning'iniza migono yao, kazi ambayo Stanley aliikuta alipopita hapo Januari 1877. Shida ya Wagenia ni ubora wa maji na kazi ya kuyabeba. Mto unaoleta samaki ndio unaopokea machafu ya mji, na bidoni la lita 20 lina uzito wa kilo 20 juu ya kichwa cha mama au mtoto.

Mazingira ya hapo pia yanakataza suluhisho ambazo wengi huzikimbilia. Mwamba uko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo kuchimba kisima kwa mkono ni kazi ngumu, na shimo la choo hukwama kabla ya kufika kina kinachofaa. Mahali pengine ni udongo wa kando ya mto ambako maji ya chini yako karibu. Choo kikichimbwa hapo hukutana nayo. Nyumba ya Wagenia, iwe ya udongo, ya mbao au ya matofali ya kuchoma, haina mabomba ya zamani ya kubadilisha. Ina paa la mabati, na katika mji huu paa hilo lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya kwanza: paa na tangi

Kisangani iko karibu mno na Ikweta. Mvua yake ni milimita 1,700 hadi 1,800 kwa mwaka, na haina kiangazi cha kweli. Januari na Februari mvua hupungua tu. Chukua paa dogo la mita za mraba 60. Kwa milimita 1,700, na ukikubali kwamba sehemu moja kati ya tano inapotea kwa kuruka na kumwagika, paa hilo hukusanya lita zaidi ya 80,000 kwa mwaka, yaani lita 220 kwa siku kwa wastani. Kaya ya watu wanane wanaotumia lita 20 kila mmoja, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukitaja kuwa cha msingi, inahitaji lita 160. Hesabu inatosha na kubaki, mradi kuwe na mahali pa kuyaweka.

Hapo ndipo pesa ya kwanza iende: mifereji ya bati pembeni mwa paa, wavu wa kuzuia majani, na tangi. Mvua inapoanza, maji ya mwanzo huosha vumbi, kinyesi cha ndege na masizi ya makala, kwa hiyo huachwa yapite. Kipande cha bomba kilichosimama, chenye kizibo chini, kinaweza kuyakamata. Lita 30 hadi 60 zinatosha kwa paa la ukubwa huo, na baada ya mvua kizibo hufunguliwa. Tangi lifunikwe pasiingie mbu wala mwanga, kwa maana mwanga huotesha ukungu wa kijani. Maji ya kunywa bado yatiwe dawa ya klorini na kuachwa nusu saa, au yachemshwe hadi yatokote.

Nyumba kongwe ina tahadhari ya ziada. Mapaa kadhaa ya enzi ya ukoloni yaliezekwa kwa eternite, simenti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto. Hatari yake kubwa ni vumbi linaloingia mapafuni, kwa hiyo paa hilo lisikatwe kwa msumeno, lisisuguliwe kwa brashi ya waya, wala lisitobolewe kwa ajili ya kufunga mifereji. Mifereji ifungwe kwenye mbao za paa. Likivunjika, vipande viloweshwe kabla ya kuondolewa.

Nyumba iliyounganishwa na REGIDESO nayo inahitaji tangi, na kwake tangi lina kazi nyingine: kupokea maji usiku yanapokuja na kuyatoa mchana yanapohitajika. Mpango ulio imara ni matangi mawili. La chini hujazwa na maji ya barabarani hata kama msukumo ni dhaifu, likiwa na boya la kufunga likijaa na vali ya kuzuia maji yasirudi barabarani. La juu, dogo zaidi, hujazwa kwa pampu umeme ukiwapo na kulisha nyumba kwa uzito wake. Tofauti ya mita moja ya kimo hutoa msukumo wa bar 0.1 tu, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya robine linatosha kunawa, kupika na kuoga, lakini halitoshi kwa vifaa vinavyodai msukumo mkubwa. Wala tangi lisiwekwe popote juu ya dari la zamani: lita 1,000 zina uzito wa tani moja, na mbao za paa la miaka 70 hazikujengwa kuibeba. Mnara mfupi wa matofali na simenti uani ni salama zaidi.

Chanzo kingine kinasahaulika kwa kuwa hakileti maji, kinapunguza yanayotumika. Tangi la choo la zamani humwaga lita 9 au zaidi kila linapovutwa. Jipya lenye vibonye viwili humwaga 3 au 6. Kaya ya watu sita, kila mmoja akivuta mara tano kwa siku, huokoa lita 90 na zaidi. Hakuna pampu inayoleta lita 90 kwa bei hiyo.

Hatua ya pili: mabomba

Sasa ndipo swali la bei linapata nafasi yake. Chuma cha zamani kisifanyiwe viraka. Kipande kipya kikiunganishwa na bomba lililokwisha kuliwa, uvujaji huhamia kwenye kiungo kinachofuata. Ubaya zaidi ni kuunganisha shaba na chuma cha zinki: maji yakipita kwanza kwenye shaba, hubeba chembe zake na kukila chuma kilicho mbele kwa kasi. Ni afadhali kuyaacha mabomba ya zamani yafe ukutani, kuziba ncha zake, na kupitisha mapya juu ya ukuta ambako kila kiungo kinaonekana. Bomba la nje halipendezi, lakini likivuja utaliona siku hiyohiyo, si mwaka mmoja baadaye ukuta unapoanza kuvimba. Wenye nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, Zanzibar, wanaijua hasara hiyo vizuri: ukuta unaokunywa maji ya bomba lililofichwa hulegea kutoka ndani.

Masoko ya Kisangani hupokea vifaa kwa njia mbili kuu: kwa mto kutoka Kinshasa, na kwa barabara kutoka mashariki, kupitia wafanyabiashara wa Butembo na Bunia. Matokeo yake ni mchanganyiko wa vipimo. Nyuzi za nusu inchi, ambazo vitabu vya Kifaransa huziandika 15/21, na za robo tatu, 20/27, hukubaliana bila shida. Mkanganyiko uko kwenye plastiki, ambayo hupimwa kwa nje. Bomba la PPR la milimita 20, la aina nene ya maji moto, lina tundu la milimita 13 hivi, ilhali chuma cha nusu inchi kilikuwa na 16. Anayebadilisha nusu inchi kwa PPR ya 20 amepunguza njia ya maji, na kwa tangi lenye msukumo wa bar 0.3 tofauti hiyo itaonekana bafuni. Achukue ya 25 kwa njia kuu, na ya 20 kwa matawi mafupi tu.

Plastiki nazo si moja. PVC ya kawaida inafaa kwa maji baridi na machafu, lakini hulainika kwa joto. Isifungwe kwenye hita. PE, ile nyeusi inayokuja ikiwa imeviringishwa, inafaa kuzikwa ardhini kutoka mita hadi tangi. PPR hubeba maji moto, ila viungo vyake huunganishwa kwa pasi maalumu yenye joto la nyuzi 260 hivi, na kwa hiyo huhitaji umeme siku ya kazi. Fundi asiye na pasi hiyo, anayepasha bomba kwa mshumaa au moto wa makala, aambiwe arudi siku nyingine.

Kuna hatari moja ambayo karibu hakuna anayeizungumza. Katika nyumba nyingi za zamani waya wa ardhi wa umeme ulifungwa kwenye bomba la maji, kwa sababu bomba la chuma lililozikwa lilikuwa njia nzuri ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Siku chuma kinapoondolewa na plastiki kuingia, njia hiyo inakatika kimya kimya. Hita inaendelea kufanya kazi, taa zinawaka, na hakuna dalili yoyote mpaka mtu aliyelowa aguse robine siku ambayo hita imepata hitilafu. Kwa hiyo kazi ya bomba na kazi ya umeme zifanywe pamoja: nondo mpya ya shaba ipigwe ardhini, na kwenye ubao wa umeme kifungwe kifaa cha milliampia 30 kinachokata mkondo mara tu unapovuja.

Hatua ya tatu: moto

Wastani wa joto Kisangani ni nyuzi 25 hivi mwaka mzima, na hakuna nyumba inayohitaji kupashwa joto. Goma, Bukavu na Butembo, zilizo kwenye nyanda za juu, zina usiku wa baridi, na huko wapo wanaoingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani kulala nayo. Hewa yenye sumu ya makala haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Kisangani, moto wa nyumbani una kazi mbili: chakula, na maji ya kuogea ya mtoto, mzee, mgonjwa na mzazi aliyejifungua.

Kazi hiyo ya pili ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Ndoo ya lita 15 ikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 40 inahitaji kama robo ya uniti moja ya umeme. Kwa makala, kwenye mbabula ya kawaida ambayo hupoteza sehemu kubwa ya moto pembeni, ni gramu 150 hadi 200. Kaya ya watu sita inayooga maji moto kila siku huchoma basi karibu kilo moja ya makala kwa kuoga tu, mbali na kupika, na makala hayo hutoka misituni pembezoni mwa mji, mbali zaidi mwaka hadi mwaka.

Hita ya papo hapo inayofungwa kwenye bomba la mvua haifai hapa. Hudai umeme mwingi kwa wakati mmoja, na umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukilegea nayo hulegea. Hita ya tangi ni mwafaka zaidi kwa umeme wa zamu. Ya lita 50 yenye nguvu ya wati 1,500 hupandisha maji kutoka nyuzi 25 hadi 55 kwa saa moja na dakika kumi hivi. Ikiwa imefungwa vizuri kwa sponji, huyahifadhi hadi umeme urudi. Lakini iwe na masharti matatu. Ilishwe na tangi la juu, isitegemee bomba la barabarani, ili isiwake ikiwa kavu na kuunguza koili yake. Iwe na vali ya usalama isiyozibwa kamwe, kwani bila hiyo tangi la hita linaweza kupasuka. Na mara kwa mara ifikishwe nyuzi 60, kwa sababu maji ya vuguvugu yaliyokaa hukuza vijidudu vya ugonjwa wa mapafu.

Jua nalo lipo, ingawa mawingu ya msitu hulipunguza. Hita ya jua ya kuzunguka yenyewe, yenye tangi juu ya paneli, haihitaji pampu wala umeme, na kwa kuwa Kisangani haina barafu, inaweza kuwa ya aina rahisi kabisa. Kenya ilitunga kanuni mwaka 2012 za kuyataka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku kufunga hita za jua. Kanuni ya namna hiyo ingefaa hoteli na zahanati za Kisangani. Kwa kaya, tangi jeusi la lita 100 lililowekwa juani huwa limepata joto la kutosha kuogea jioni siku yenye jua. Si la kila siku, ila kila siku linapofaulu, kilo ya makala imebaki sokoni.

Hatua ya nne ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza: machafu

Maji yakiongezeka ndani, yanaongezeka pia yanayotoka. Nyumba iliyokuwa ikitumia bidoni tano kwa siku, ikipata tangi na bafu, itamwaga mara tatu au nne zaidi, na shimo la septiki lililochimbwa miaka ya 1950 kwa familia ya watu wanne sasa lina kaya mbili. Kabla ya tangi kuwekwa, shimo lifunguliwe: linyonywe, kuta zikaguliwe nyufa, na mfereji wa kufyonza maji yake utazamwe kama bado unafyonza. Umbali kati ya shimo na kisima chochote, pamoja na cha jirani, usiwe chini ya mita 30.

Pale Wagenia, ambako mwamba unazuia kuchimba, choo kipande juu badala ya kushuka. Choo kikavu chenye vyumba viwili vya matofali juu ya ardhi, kimoja kikitumika huku kingine kikioza kwa mwaka mzima kikiwa kimefungwa, hakigusi mwamba wala mto. Majivu ya jikoni hutumika badala ya maji. Kinahitaji nidhamu na kinahitaji mtu wa kukitoa kilichooza, mambo ambayo wengi huyaona aibu. Hata hivyo hakuna choo kingine kinachoheshimu mto ambamo watu walewale wanavua.

Nani alipe, na mpaka wapi

Nyumba nyingi kongwe zinakaliwa na wapangaji, na mpangaji hana hamu ya kutengeneza bomba la mtu mwingine. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 ilikataza garanti ya nyumba ya kuishi kuzidi kodi ya miezi mitatu, lakini haimlazimishi mtu kufunga tangi. Njia inayofanya kazi ni makubaliano ya maandishi: mpangaji anaweka mifereji na tangi, gharama inakatwa kwenye kodi, vifaa vinabaki. Hatua za mwanzo ndizo rahisi kukubaliana, kwa kuwa mfereji na tangi vinaonekana na vinaweza kuthaminiwa kwa urahisi kuliko bomba lililo ukutani.

Lakini kuna swali kubwa kuliko mwenye nyumba na mpangaji wake. Siku hiyohiyo ya 2015 ilipitishwa sheria ya maji, namba 15/026, iliyofungua sekta hiyo kwa wengine zaidi ya REGIDESO. Tangu hapo wenye uwezo wanazidi kujitosheleza: tangi, pampu, kisima kirefu. Kila nyumba inayojitosheleza ni mteja mmoja mwenye sauti aliyeacha kupiga kelele kuhusu bomba la mtaa. Visima vikizidi bila mpango katika mitaa yenye mashimo ya vyoo, maji ya chini yatachafuka kwa wote, na wa kwanza kuumia ni wale ambao hawakuchimba. Kwa hasara za vita, Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliiamuru Uganda, 9 Februari 2022, kuilipa Congo dola milioni 325, milioni 40 kati yake zikiwa za uharibifu wa mali. Fidia hiyo ni ya nchi nzima, na hakuna sehemu yake iliyotengwa mahsusi kwa mabomba. Hata hivyo, mji ambao maji yake yalikatwa na mizinga una haki ya kuuliza ni lini mabomba yake makuu yatahesabiwa kuwa mali iliyoharibiwa.

Jibu la mwenye nyumba, kwa hiyo, lina sehemu mbili, na moja bila nyingine haitoshi. Ndani ya ua wake afuate mpangilio: machafu yapate njia, paa na tangi vitangulie, bomba lifuate, waya wa ardhi usisahauliwe, hita iwe ya mwisho. Mwenye pesa ya hatua moja afanye moja, ila asiruke. Nje ya ua, aendelee kulipia mita yake na kuidai huduma, na yeye na majirani zake wadai robine za pamoja zilizosimamiwa vizuri mitaani, Wagenia ikiwemo, ambako bomba moja lenye maji safi kila asubuhi lingeokoa maisha mengi kuliko hita zote za Makiso. Mwenye kisima uani ambaye jirani yake anachota mtoni hajakikwepa kipindupindu. Amekisogeza ng'ambo ya ukuta tu.